Tairi Huzeeka Hata Likilala

Siku chache kabla ya sikukuu ya mwisho wa mwaka, jirani yangu alikuwa akijiandaa kumpeleka mama yake mzazi na watoto wake wawili kijijini kwa gari lake dogo. Matairi ya gari hilo yalikuwa yamekwisha kabisa, vipara vitupu. Akaniita uani, akafunua turubai, akanionyesha matairi manne meusi yenye kashata nene.

"Tazama, jirani," akasema kwa furaha. "Niliyanunua zamani nikayahifadhi. Hayajatembea hata kilomita mia. Mwaka huu Mungu kanikumbuka!"

Nami, kwa kuyatazama tu, nilimpongeza. Heri yetu ni kwamba fundi aliyeitwa kuyafunga alikuwa mzee asiye na papara. Aliosha ubavu wa tairi la kwanza kwa maji na sabuni, akainama, akasoma tarakimu nne: 0912. Akatikisa kichwa. "Hili lilitoka kiwandani wiki ya 9 ya mwaka 2012," akasema. "Silifungi kwenye gari la kumbeba bibi na wajukuu."

Jirani yangu alikasirika, na pengine nawe ungekasirika. Je, kitu ambacho hakikutumika chaweza kuchakaa?

Naam, chaweza. Mpira wa tairi ni kitu kilichopikwa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto hupata uimara na unyumbufu. Lakini mpira haubaki kama ulivyotoka kiwandani. Joto na oksijeni ya hewani huendelea kuubadili mwaka hadi mwaka, ukawa mgumu na mkavu. Aidha, viwanda hutia ndani ya mpira nta maalumu ya kuukinga usipasuke, nayo husambaa vizuri tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lililolala huikosa faida hiyo.

Hatari kubwa imo ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Chini ya kashata kuna safu za nyaya za chuma zilizoshikanishwa kwa mpira. Mpira huo ukichoka, kashata yaweza kubanduka ghafla gari likiwa katika mwendo, hasa wakati wa jua kali, mzigo mzito na upepo pungufu.

Wanaoshindana kwa magari wanalijua jambo hili vema. Matairi yao ni laini, na kila yanapopata moto na kupoa huzidi kuwa magumu na kupoteza mshiko, hata kama kashata bado ipo. Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji wa filamu Paul Walker alifariki huko California, Marekani, katika gari la mbio lililoendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema kuwa chanzo cha ajali kilikuwa mwendo wa kasi, lakini walitaja pia kuwa matairi yalikuwa na umri wa takriban miaka 9.

Basi, msomaji, uletewapo tairi la zamani, au lililotumika, fanya hivi kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, tafuta herufi DOT ubavuni, kisha usome tarakimu nne za mwisho. Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Usipoziona, geuza upande wa pili, kwani mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na viwanda vingi vya matairi husema lisivuke miaka 10, hata kama ni la akiba.

Pili, lioshe. Rangi nyeusi inayong'aa huficha mengi. Tazama ubavuni na katikati ya kashata. Nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka ni dalili ya uzee.

Tatu, pitisha kiganja pande zote. Uvimbe wowote maana yake ni kwamba nyuzi za ndani zimekatika au safu zimeachana. Hapo hakuna tiba.

Nne, lichungulie ndani kabla halijafungwa kwenye ringi. Viraka vya ubavuni, waya uliojitokeza, au vumbi jeusi la mpira lililosagika ni dalili kwamba tairi hilo liliumia au liliendeshwa bila upepo.

Tano, pima kina cha kashata. Nchi nyingi zimeweka mwisho kuwa milimita 1.6, nalo tairi lenyewe lina vinundu vidogo ndani ya mifereji yake. Kashata ikiwa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

Najua utasema kwamba mshahara hautoshi. Basi tupige hesabu. Tuseme tairi jipya ni shilingi 200,000 na utalitumia miaka 5. Kila mwaka limekugharimu shilingi 40,000. La zamani la shilingi 100,000 lililobakiwa na mwaka mmoja limekugharimu shilingi 100,000 kwa mwaka huo. Ni lipi lililo rahisi? Wala hapo hatujataja gharama ya hospitali, wala machozi.

Jirani yangu hatimaye aliliacha gari nyumbani, akawakatia mama yake na watoto tiketi za basi. Walifika salama, wakarudi salama. Katika yale matairi manne, matatu yalichukuliwa na fundi wa makatambuga, na moja limetundikwa kwenye mwembe uani kuwa bembea, likiwa limetobolewa chini ili maji yasituame na kuzaa mbu.

Kila jioni watoto hugombea zamu. Bibi yao, aliyekuja kuwatembelea, hukaa kivulini akiwatazama, na baba yao halalamiki tena.