Vyama vya Wafanyakazi Vina Deni Turkana

Ni nadra, siku ya Mei Mosi, kusikia jina la Makhan Singh likitajwa jukwaani. Nadra zaidi ni kusikia habari za Lokitaung, kule kaskazini mwa Lodwar, alikotupwa. Gazeti hili linakihesabu kimya hicho kuwa utepetevu wa wajibu, na waliotepetea wanajulikana.

Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Nairobi 1927. Mwaka 1935 alishika ukatibu wa chama cha mafundi wa Kihindi, na hakukawia kukifungulia mlango: kikawa chama cha wafanyakazi wa rangi zote, katika koloni lililopanga mishahara kwa rangi. Miaka miwili baadaye chama hicho kiligoma Nairobi kwa siku 62, hadi waajiri wakakubali kuongeza malipo. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Serikali haikuusajili.

Mwaka mmoja ukatosha kumwangusha. Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji, na muungano ukawataka wafanyakazi wazisusie sherehe. Tarehe 23 Aprili, katika Ukumbi wa Kaloleni, Singh alidai uhuru kamili, na aliutaka mara moja, dai ambalo wanasiasa wengi wa siku zile walikuwa bado wakilinong'ona. Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma, na mgomo ukaendelea zaidi ya wiki. Katika kesi yake Nyeri hakuficha kwamba alikuwa Mkomunisti. Hakuwa ameiba wala kuua. Aliwekewa amri ya kizuizi akapelekwa Lokitaung, baadaye Maralal, kisha Dol Dol, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961, takriban miezi miwili baada ya Jomo Kenyatta. Miaka 11 na zaidi ilikuwa imekwenda.

Turkana haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali, na kwa mkoloni jangwa lilikuwa askari wa zamu asiyedai mshahara. Baada ya kesi ya Mau Mau ya Kapenguria mwaka 1953, Lokitaung ikawapokea Kubai na Bildad Kaggia, naye mtu wa vyama vya wafanyakazi, pamoja na Kenyatta, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Vifungo vyao vilipokwisha mwaka 1959, walihamishiwa Lodwar, bado chini ya amri. Ukitaka kujua katika miaka hiyo uongozi wa wafanyakazi wa Kenya ulikuwa wapi, sehemu yake ilikuwa katika kaunti hii ya Turkana.

Lakini si mkoloni peke yake aliyemwangusha Singh. Alipotoka kizuizini, viti vilikuwa vimekaliwa. Tom Mboya alikuwa amelijenga Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya kwa msaada wa vyama vya Marekani na Ulaya Magharibi, na katika enzi ya Vita Baridi, Mkomunisti asiyejificha hakuwa na nafasi humo. Tena alikuwa Mhindi, wakati swali la nani mwenyeji likiwa moto. Mwaka 1965 serikali ilivunja mashirikisho yaliyokuwa yakigombana, ikaunda shirikisho moja, COTU, na rais ndiye aliyekuwa akimteua katibu mkuu kutoka majina aliyopelekewa. Rais mwenyewe alikuwa mfungwa wa zamani wa Lokitaung. Kubai aliingia Bunge na kuwa waziri msaidizi. Singh hakupewa hata kiti cha mshauri.

Hatusemi alikuwa malaika. Wapo waliomlaumu kwamba, kwa kuichanganya kazi ya chama na dai la uhuru, aliukabidhi muungano usiosajiliwa kwa adui aliyekuwa akitafuta kisingizio. Hoja hiyo ina uzito: muungano ulikufa mchanga. Hata hivyo, wajibu wa kuweka kumbukumbu aliutimiza alipokuwa amekwisha kusahauliwa. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952 kilitoka mwaka 1969. Alifariki Mei 1973.

Wajibu uliobaki, wa kuwatetea wafanyakazi bila kujali asili yao kama alivyofanya yeye, ni wa vyama vya leo, na mahali pa kuutimizia ni kambi ya wakimbizi ya Kakuma, humu humu Turkana.

Tangu kambi ianzishwe mwaka 1992, wakimbizi wamekuwa wakifundisha madarasani, wakitafsiri zahanatini, wakipima watoto uzito. Wengi wao hawalipwi mshahara. Hupewa posho ya insentivu, kiasi kidogo mno ukikilinganisha na anachopata Mkenya anayefanya kazi ile ile katika chumba kile kile. Misaada ilipopunguzwa mwaka 2025, hawakuwa na chama cha kuwauliza waajiri nani anaachishwa na kwa utaratibu gani. Zamani kibali kilihitajika kuingia Turkana. Leo mkimbizi anakihitaji kutoka kambini.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayostahili, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Hakisemi kila raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Mashirika ya misaada, ambayo hayachoki kuhubiri haki za binadamu, yasijifiche nyuma ya neno posho. Na vyama vyetu visijifiche nyuma ya hesabu. Tunaijua hesabu yenyewe: mtu wa insentivu hana ada nono ya kukatwa kila mwezi, basi hafuatwi.

Wenyeji nao hawajapata zaidi. Mwaka 2018 wakazi wa Lokichar walipozuia malori ya mafuta, walilalamikia usalama na ajira. Waliojitokeza kuwasemea walikuwa wanasiasa. Askari wa kampuni za ulinzi wanaokesha malangoni Lodwar, na vibarua wa mijengo wanaolipwa kwa siku, wanastahili msemaji asiyetafuta kura yao.

Tunataka hatua kabla ya Mei Mosi ijayo. COTU iwe na ofisi Lodwar yenye mtu wa kupokea malalamiko siku zote za kazi, si kibao ukutani. Vyama vya walimu na vya wahudumu wa afya viwaandikishe watu wa insentivu kwa ada wanayoimudu, kisha viketi na mashirika kujadili mkataba wa pamoja. Wizara ya Leba itume wakaguzi Kakuma na katika makazi jirani ya wakimbizi ya Kalobeyei, wasome mikataba shirika kwa shirika, na ripoti yao ichapishwe ikiwa na majina ya waajiri.