Lafudhi si Kichekesho

Walimu wengi huilaumu televisheni kwa kuwaharibia wanafunzi Kiswahili, na Sheng ndiyo hutajwa kwanza. Kwa maoni yangu, lawama hii imeelekezwa pasipostahili.

Chukua filamu Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mwas, kijana wa mashambani atamaniye uigizaji, anatumbukia katika ujambazi jijini. Sheng inamfaa, angalizungumza Kiswahili cha vitabuni, nani angalimwamini? Katika Supa Modo ya 2018, wanakijiji wanashirikiana kumtengenezea Jo, msichana mgonjwa sana, filamu ya kumfanya shujaa. Lugha yao ni ya kila siku, nayo yagusa moyo.

Kasoro iko kwingine. Katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alimwigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Hata hivyo, utamu ulikuwa katika vituko vyake na mabishano yake na Mama Kayai. Baadhi ya vichekesho vilivyofuata vimeokota lafudhi vikaacha kisa: mhusika akikosea kutamka neno, mzaha umekwisha.

Mzaha huo huingia darasani. Mwanafunzi anayechanganya 'r' na 'l' akisimama kusoma, wenzake huangua kicheko, naye hatainua mkono tena.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kujiuliza: tunamcheka mhusika kwa alitendalo, au kwa alikozaliwa?