Tusikubali Neno "Ukabila" Litufunge Midomo



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu, karibu kila aliyesimama alilitaja neno "ukabila". Wa kwanza alisema nyumba za kazi zagawanywa kwa ukabila. Wa pili akamjibu ya kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye ukabila, kwa kuwa ameyasema hayo. Wa tatu akaomba neno hilo lisitajwe kabisa katika chama. Watu wakawapigia makofi wote watatu, kisha tukaenda zetu, na habari ya nyumba ikabaki pale pale.

Sisi wa reli twajua kazi ya taa ya ishara. Nyekundu ni kusimama, kijani ni kwenda, na kila dereva aiona kwa maana moja. Taa moja ikimwambia huyu asimame na yule aende, magari yatagongana. Neno hili limekuwa taa ya namna hiyo. Kwa hiyo twaona yafaa tulichunguze kabla ya uchaguzi wa tawi kufika.

Tuanze na neno lenyewe. "Kabila" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Ukitia "u" mbele yake wapata "ukabila", kama vile ndugu hutoa udugu, na mtu hutoa utu. Kwa umbo lake halina dhambi. Lakini midomoni mwetu limekuwa jina la ubaya, na ubaya huo hatuna budi kuueleza wazi.

Kuwa na kabila si ukabila. Mtu akisema lugha ya mama yake nyumbani kwake, akimzika baba yake kwa desturi za kwao, akachanga na watu wa kwao ili mtoto wa maskini aende shule, huyo hajamkosea mtu. Ukabila ni pale ambapo kitu kilicho haki ya wote kinatolewa, au kinanyimwa, kwa kutazama kabila la mtu. Kitu hicho chaweza kuwa kazi, cheo, nyumba, matibabu, hukumu, au fedha za chama. Basi ukabila ni kitendo. Tena kitendo kina aliyekitenda, kina aliyetendewa, na kina siku yake. Chaweza kuchunguzwa.

Wako wasemao ya kwamba hakuna la kuchunguza, ati Waafrika ndivyo walivyo, na makabila yamechukiana tangu zamani za kale. Twawaomba watazame tarehe. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Siku hiyo majina ya Abaluyia, Kalenjin na Mijikenda hayakuwa yakitumika kama tuyatumiavyo leo. Yalienea katika miaka ya 1930 na 1940, wakati watu waliojulikana kwa majina yao mbalimbali, kama Wabukusu na Wamaragoli, Wanandi na Wakipsigis, Wagiriama na Wadigo, walipoona faida ya kusimama pamoja. Hatusemi hivi kumdharau mtu yeyote. Mababu ni wa kale, jina la pamoja ndilo changa kuliko reli. Maana yake ni kwamba hata kabila limekusanywa na watu kwa hiari yao, na watu walioweza kukusanyika hivyo wanaweza kukusanyika zaidi.

Tena tukumbuke ni nani aliyetuandika kwa kabila. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kubeba kipande, nacho kilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Ardhi iligawanywa kuwa rizavu za makabila. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953, na serikali ilipowaruhusu Waafrika kuwa na vyama vya siasa tena mwaka 1955, iliruhusu vyama vya wilaya tu. Chama cha siasa cha nchi nzima kilikatazwa. Kisha wakubwa wale wale wakasema Waafrika hawawezi kuungana kwa sababu ya ukabila! Ni kama mtu aliyeng'oa mataruma usiku, na asubuhi akamlaumu dereva kwa kuangusha gari.

Katika miaka ile, vyama vya wafanyakazi vilikuwa kati ya mahali pachache ambapo watu wa makabila yote waliweza kukaa katika chama kimoja kwa nchi nzima. Huo ndio urithi wetu, na ndiyo sababu neno hili linatuhusu kuliko wengine.

Sasa tueleze jinsi linavyotumiwa vibaya. Tutaanza na makosa yetu wenyewe, maana asiyeungama hana haki ya kuhubiri.

Miaka michache iliyopita, mahali pa kazi ambapo hatutapataja, palitokea nafasi za kupandishwa cheo katika karakana. Orodha ilipobandikwa, karibu majina yote yalikuwa ya kabila moja, nalo lilikuwa kabila la mkubwa wa pale. Mafundi waliotumikia miaka mingi wakaandika barua ya heshima, wakauliza ni kanuni gani iliyofuatwa. Jibu lilikuja kwa maneno machache: barua yao ni ya ukabila. Hakuna faili lililofunguliwa. Waliotia sahihi wakaitwa wachochezi, na wawili wakahamishwa mbali.

Sisi tunaoandika haya tulinyamaza. Tulinyamaza kwa sababu majina yale yalikuwa ya kwetu. Tulijiambia ya kwamba safari hii ni zamu yetu kula. Lakini mshahara wetu haukuongezeka hata senti moja. Waliokula walikuwa wachache sana, na sisi tuliobaki tulikula sifa tu.

Haikupita miaka miwili, mweka hazina wa tawi akaulizwa habari za fedha za mazishi. Alikuwa mtu wa kwetu. Badala ya kuleta vitabu, alisimama akasema, "Hawa wananipiga vita kwa ajili ya kabila langu." Nasi tukasimama upande wake, tukapiga meza, na mkutano ukavunjika. Baadaye mwenzetu mmoja wa gangi akafariki, naye alikuwa mtu wa kwetu pia. Mjane alipokuja kuomba msaada, sanduku halikuwa na kitu. Mweka hazina yule hakuonekana. Waliopita na kofia wakachanga nauli ya kumsafirisha marehemu hadi kwao walikuwa mafundi wale wale tuliowaita wakabila. Hawakumwuliza mjane anasema lugha gani. Siku hiyo tuliona haya ambayo mpaka leo hatujaisahau.

Tazameni, ndugu, neno moja lilifanya kazi mbili. Mara ya kwanza mwenye nguvu alimpiga nalo mwenye haki, akamnyamazisha. Mara ya pili mwenye deni alijificha nyuma yake kama mtu anavyojificha nyuma ya ukuta. Na mara zote mbili lililofichwa lilikuwa karatasi: kwanza orodha, kisha vitabu vya fedha.

Tuliosoma shule za misheni twakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 6. Katika kanisa la kwanza la Yerusalemu, waumini wa lugha ya Kiyunani walinung'unika ya kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wangeweza kuwajibu, "Ninyi mnaleta ukabila katika nyumba ya Mungu." Hawakusema hivyo. Waliita mkutano, wakautazama mgawo wenyewe, na wakachaguliwa watu saba wa kuusimamia. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Nung'uniko lilikwisha kwa sababu lilisikilizwa. Basi mtu akisema watu wa kwao wamenyimwa, huenda asema kweli na huenda asema uongo, lakini kusema kwake peke yake si ukabila. Dawa yake ni kuutazama mgawo.

Katika mambo ya nchi neno hili limetumiwa kwa namna ya tatu, nayo ni ya hatari zaidi. Katika miaka ya 1991 na 1992 nyumba zilichomwa na watu wakauawa katika Bonde la Ufa na sehemu za magharibi. Ikasemwa ni "vita vya kikabila", kana kwamba ni mvua iliyonyesha yenyewe. Lakini Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, katika taarifa yake ya mwaka 1992, ilitaja baadhi ya watu wenye vyeo kuwa walihusika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tume ya Jaji Waki ilieleza mwaka 2008 ya kwamba palikuwa na hasira iliyolipuka, na pahali pengine palikuwa na mipango. Ndani yake mlikuwa na habari za ardhi, za kura, na za vijana wasio na kazi. Ukisema "ukabila" ukanyamaza, umewasamehe waliopanga, na umewahukumu majirani wote, hata yule aliyemficha mwenzake chini ya kitanda.

Hatusemi ukabila haupo. Upo, na sisi tumekwisha kukiri ulikuwa ndani yetu. Twasema tu ya kwamba si wote wanaolitaja neno hili wanaupinga ubaya wake.

Wala hatusemi hauwezi kushindwa. Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Kati ya waliokuwa mbele alikuwa Chege Kibachia, Mkikuyu wa bara, akiwaongoza watu wa pwani na wa kila upande. Baada ya mgomo madai yalisikilizwa na mishahara ikaongezwa, naye kabla ya mwaka kwisha alikamatwa akapelekwa kizuizini. Mwaka 1961, katika Nairobi Mashariki ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, Tom Mboya, Mjaluo na mtu wa vyama vya wafanyakazi, alishindana na Dr. Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000, na mwenzake hakufika 3,000. Watu wale walikuwa na makabila kama sisi. Walitazama ni nani aliyewapigania. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na baada ya hapo watu wakatazamana kwa macho mengine. Umoja hujengwa, na uliojengwa huvunjwa usipotunzwa.

Basi tufanye nini? Twaleta mashauri manne mbele ya tawi.

Kwanza, mtu akilitaja neno "ukabila" mkutanoni, mwenyekiti amwulize: kitendo gani, nani alikitenda, nani alinyimwa, na lini? Katibu aandike majibu hayo katika kitabu, wala asiandike neno peke yake.

Pili, kila mmoja ajipime kwa kubadilisha majina. Kama orodha ile ingekuwa ya kabila la jirani, je, ningesema ni halali? Kama mweka hazina angekuwa wa kwao, je, nisingedai vitabu? Jibu likibadilika kwa sababu ya jina, ukabila uko kwako.

Tatu, nafasi za kazi na nyumba zibandikwe ubaoni pamoja na kanuni ya kuchagua, na vitabu vya fedha visomwe hadharani kwa Kiswahili kila miezi mitatu. Penye mwanga, neno hili halipati pa kujificha.

Nne, tuijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa asili yake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 chasema vivyo hivyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 yasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Kwa hiyo anayeuliza hesabu ya makabila katika ofisi ya umma aulizia jambo la sheria, na kumwita mkabila ni kumwonea.

Ndugu, uchaguzi wa tawi u karibu. Watakuja watu kwetu usiku, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani, watuambie mtu wetu yuko hatarini. Tuwapokee kwa adabu, tuwape chai, kisha tuwaulize: vitabu viko wapi? Akiweza kuvionyesha, hana haja ya kabila lake kumtetea. Asipoweza, kabila lake halitamlipa mjane.

Sisi wenzenu wa reli.