Mtoto Anayejigonga Kichwa Ana Jambo Anatuambia



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huku ughaibuni tunalifungia ndani na kushusha mapazia. Ni mtoto mwenye usonji, yaani otizimu, anayejigonga kichwa ukutani au kujiuma mkono mpaka damu itoke, na wewe mzazi umesimama hujui umshike wapi. Nalijua kwa sababu ninaye nyumbani kwangu, hapa Uingereza. Ana miaka 8 na maneno yake hayazidi 10.

Ukipiga simu nyumbani utaambiwa anadeka, mchape. Au ana shetani, asomewe. Kumwombea dua si vibaya, mwombee. Lakini kumchapa mtoto ambaye tayari anajipiga mwenyewe, jamani, ni kumwongezea kipigo tu.

Maoni yangu ni kwamba mtoto huyu anasema, na kazi yetu ni kutafuta anasema nini. Anza na maumivu. Wangu aliwahi kujigonga upande mmoja wa kichwa wiki 2 nzima, sisi tukaita ukaidi. Daktari alipomtazama, sikio la upande ule lilikuwa limejaa usaha! Nilijisikia vibaya mno. Linaweza kuwa jino, koo, au choo kigumu cha siku nyingi. Kwa hiyo tabia hii ikianza ghafla au ikizidi, mpeleke kwa daktari kabla ya kumtafutia jina lingine. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani mapema unapopanga miadi. Kwenye hospitali za serikali hapa hulipii. Usimtume binti yako wa miaka 12 akutafsirie mambo kama haya.

Kama hakuna maumivu, nunua daftari. Andika saa, kilichotokea kabla, alichofanya, na ninyi mlichofanya baada yake. Hilo la mwisho ndilo lililotuumbua. Kumbe kila akijigonga tulikimbilia kumpa biskuti anyamaze, na yeye akajifunza kwamba njia ya biskuti ni ukuta. Tuliona pia kwamba mara nyingi ilikuwa wakati wa kuzima TV akaoge, au siku za wageni na makelele yao.

Basi tukapiga picha za bafu, mkebe wa biskuti, na chumba chake kwa maana ya "nimechoka, niondoeni". Dakika 5 kabla ya kuoga anaonyeshwa picha ya bafu, halafu ya biskuti. Akikuletea picha ya chumba, unamwondoa pale pale, hata kama shangazi yake ndiyo kwanza ameketi. Ukichelewa, atarudi ukutani. Ilituchukua miezi, na bado zipo siku mbaya. Wataalamu wa matamshi na mawasiliano wanaijua kazi hii vizuri kuliko mimi, ombeni rufaa kwao.

Wakati anapojigonga, punguza maneno. Zima TV, ondoa watoto wengine, weka mto au kanga iliyokunjwa kati ya kichwa na ukuta. Usimwulize kwa nini, hawezi kukujibu wakati ule. Akijigonga kwa nguvu kisha akapoteza fahamu, akatapika zaidi ya mara moja, akawa na usingizi usio wa kawaida, au maji au damu ikamtoka sikioni, piga 999, Marekani 911.

Sasa lile linalotufanya tufiche. Tunaogopa shule ikiona alama usoni, watu wa ustawi wa jamii watakuja kumchukua mtoto. Hofu hiyo naielewa, niliwahi kumbakiza wangu nyumbani siku 3 kwa ajili ya jeraha la paji la uso. Nilikosea. Alama isiyo na maelezo ndiyo inayozua maswali. Mwambie mwalimu wewe mwenyewe, asubuhi ile ile, na umwonyeshe daftari. Kwa hapa England, chini ya sheria ya 2014, mzazi anaweza kuiandikia halmashauri yeye mwenyewe kuomba mahitaji ya mtoto yapimwe, na inatakiwa kumjibu ndani ya wiki 6 kama itampima au la. Marekani unaweza kuiomba shule ya umma impime mtoto bila malipo. Omba kwa maandishi, na nakala yake ibaki kwako.