Nguvu za Mama: Kuchagua Mazoezi ya Kuinua Uzito



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la vijana wa kiume peke yao, yaani kuinua vitu vizito kwa kusudi la kuongeza nguvu. Mama wa hapa Mvumi aweza kuuliza: "Mimi ninayebeba ndoo, kuni na majani ya ng'ombe kila siku, mazoezi ya nini tena?" Swali hilo ni la haki, basi tuanze nalo.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina maji ya kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mwaka 1986 jarida la sayansi liitwalo Nature lilitoa utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wanawake wa Kikikuyu, wanaobeba kwa kamba inayopita juu ya paji la uso. Watafiti walipima hewa waliyotumia akina mama hao walipokuwa wakitembea na mizigo. Walikuta kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea kazi. Kwa mama mwenye kilo 60, mzigo huo ni kilo 12. Ndoo iliyojaa inazidi hapo kwa kilo 8. Uchunguzi mwingine uliofanyika baadaye Afrika Kusini haukuona kwamba kila mwanamke anapata unafuu huo. Tena, walichopima pale Kenya ni hewa. Hawakupima shingo wala mgongo.

Kazi na mazoezi si kitu kimoja. Kazi haikuulizi hali yako: hata ukiwa na homa, ndoo ni ileile. Kazi hutumia viungo vilevile kila siku na kuviacha vingine. Katika mazoezi, wewe ndiwe unayechagua uzito. Unaanza na mdogo, unaongeza kwa kipimo, kisha unapumzika, na ni katika kupumzika huko misuli hujengeka. Mama aliyejijenga hivyo huikuta ndoo ileile imekuwa nyepesi kwake. Na miaka inapoongezeka, misuli yetu hupungua na mifupa hudhoofika, hasa baada ya hedhi kukoma. Mazoezi ya nguvu hupunguza hasara hiyo.

Namna ya kuchagua

Pengine kijana wako ataleta kutoka Dodoma mjini karatasi ya mazoezi ya vyuma: siku tano kwa wiki, leo kifua, kesho mikono. Karatasi hiyo yaweza kuwa nzuri kwa kijana anayeshinda amekaa. Kabla ya kuifuata, jiulize maswali haya:

1. Je, inaacha nafasi kwa kazi zangu? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa mama anayelima na kuchota maji, siku mbili zinatosha kabisa kuanzia.

2. Je, inagusa mwili wote? Tafuta mazoezi ya kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta na kubeba.

3. Je, inaeleza lini niongeze uzito, na kwa kiasi gani? Ratiba inayosema tu "inua kizito uwezavyo" iache.

4. Je, vifaa ninavyo? Galoni ya lita 5 inatosha. Kila lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo waweza kuongeza uzito kidogo kidogo bila mizani.

Ratiba ya kuanzia

Chagua siku mbili zisizofuatana, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, kabla hujachoka na kazi. Tembea kwanza dakika tano ili mwili upate joto.

• Kaa kwenye kigoda, kisha simama bila kujishika.
• Inua galoni kutoka chini. Sogea karibu nayo, kunja magoti na nyonga, nyosha mgongo, kisha simama kwa nguvu za miguu.
• Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jishushe na kujisukuma.
• Inama kidogo, mkono mmoja ukiwa juu ya kigoda. Kwa mkono wa pili vuta galoni kuelekea ubavuni. Kisha badilisha.
• Shika galoni mbili, moja kila mkono, utembee hatua 30 ukiwa umenyooka.

Yale manne ya kwanza yafanye mara 8, pumzika dakika mbili, rudia mara 8 tena. Toa pumzi unapoinua, usiibane. Ukiweza kufika mara 12 katika mizunguko yote miwili bila kuyumba, ongeza lita moja na uanze tena na 8. Wakati wa kulima na kupalilia, fanya mzunguko mmoja tu. Misuli inahitaji pia chakula: pamoja na ugali na mlenda, weka kunde, karanga, dagaa, mayai au maziwa kadiri unavyopata.

Tahadhari

Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyepasuliwa, au mwenye shinikizo la damu, aulize kwanza kliniki. Sisi wa hapa tunayo Hospitali ya Mvumi. Uchungu mkali, kizunguzungu au ganzi miguuni ni amri ya kuacha.

Liko jambo ambalo wengi wetu tunalificha. Ikiwa mkojo unakutoka unapoinua mzigo, au unahisi kitu kinashuka ukeni, usione aibu na usiendelee kubeba. Huenda misuli inayoshikilia kizazi na kibofu imelegea. Mwone mkunga au daktari, maana yapo mazoezi yake maalumu na matibabu pia.

Nyumbani

Mazungumzo haya yasiishie kwa mama. Tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoondoa mifugo katika ardhi ya Mvumi miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko, ng'ombe anayefugwa bandani huhitaji kuletewa majani na maji. Mzigo huo uko kichwani kwa nani? Baba na wavulana wanayo mikono, na baiskeli, punda au mkokoteni hubeba madumu kadhaa kwa safari moja. Mgongo wa mama ukiharibika, binti ndiye anayeachishwa masomo akachote maji. Kwa hiyo wakati unapojenga nguvu, punguza pia mzigo: jaza ndoo nusu, au mgawane safari.

Jaribuni ratiba hii kwa wiki nane. Andikeni kwenye daftari la mtoto lililokwisha: tarehe, lita, na mara ngapi. Mtaona wenyewe mlikotoka na mlikofika.