Umbali wa Sumbawanga

Wananchi wengi huuliza ndege hutumia saa ngapi kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga. Jibu ni jepesi. Kwa mstari ulionyoka, kati ya viwanja hivi viwili ni kilomita 845 hivi, na ndege ya mapangaboi iendayo kilomita zaidi ya 600 kwa saa humaliza mwendo huo kwa muda usiotimia saa mbili, kupaa na kutua pamoja. Kwa barabara mtu hupita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kiasi cha kilomita 1,150, na usiku humkuta njiani.

Lakini sisi twasema hesabu hiyo haijatimia, kwa kuwa abiria haishi angani. Mkulima wa Muze, kule bonde la Rukwa, hana budi kwanza kuupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa ndipo afike mjini. Mvuvi wa Kasanga ana kilomita zaidi ya 100. Safari yao ya saa mbili huanza jana yake.

Tena yako mambo ya siku. Ikiwa ndege huja mara mbili tu kwa juma, mgonjwa aliyeandikiwa barua ya rufaa siku ya Ijumaa, na ndege ni Jumanne, atatangulizwa na basi liondokalo alfajiri. Huyo ndege imemsaidia nini?

Ufipa imekwisha kungoja vya kutosha. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita Tunduma ikaelekea Zambia, ikauacha uwanda huu pembeni. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi na tope mpaka miaka ya 2010. Mtumishi aliyehamishiwa huku aliagwa kama mtu aendaye ng'ambo.

Wala asidhani mtu kwamba njia ndefu ya kurukia ndege ni anasa kwa mji wa wakulima wa mahindi. Sumbawanga iko juu ya bahari kwa mita 1,800 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi, na ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka, hasa mchana wa jua. Njia ikiwa fupi, rubani hulazimika kuacha abiria au mizigo.

Basi tunawataka wapangao safari za ndege watangaze siku zao mapema wasizigeuze ovyo, na saa zao ziafikiane na mabasi ya Namanyere, Laela na Kasanga. Kuhusu nauli, wakumbuke kwamba viwanja vya nchi hujengwa kwa fedha ya wananchi wote, hata yule ambaye hajapata kupanda ndege. Na katika kila safari vihifadhiwe viti viwili kwa wagonjwa wa rufaa, visiuzwe kwa mwingine mpaka jioni ya kuamkia safari.