Ufundi wa Chapa Unahitajika Katika Simu

Kila asubuhi katika mitaa ya Maili Moja mjini Kibaha, na hali kadhalika huko Kisarawe, vijana hufungua vibanda vya steshenari wakaanza kusanifu kadi za harusi, mabango ya mikutano na vitabu vya stakabadhi. Kazi hiyo imelisha nyumba nyingi. Lakini sasa kadi hutumwa kwa WhatsApp, na stakabadhi hutolewa na mashine. Swali tunalopenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu, hasa viongozi wa mkoa na wilaya, ni hili: je, ufundi wa vijana hao umekwisha kazi? Jibu letu ni hapana. Ufundi huo unahitajika leo kuliko jana, na unapopuuzwa, wa kwanza kuumia ni wananchi wa visiwani.

Mkoa wetu si mgeni wa mambo ya chapa. Minaki, iliyoko Kisarawe, ni mrithi wa chuo cha Kiungani cha Unguja, kilichohamishiwa bara katika miaka ya 1920. Misheni iliyokiendesha chuo hicho ilikuwa na mtambo wake wa chapa tangu enzi za Askofu Edward Steere, na mwaka 1888 ilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Mpanga chapa wa siku zile aliokota herufi za risasi moja moja, akajua kipi kitangulie, kipi kikolezwe na wapi paachwe nafasi ili jicho lipumzike. Mwaka 1985 ilipotokea programu ya PageMaker, mtu mmoja mwenye kompyuta akaweza kupanga ukurasa mzima peke yake. Herufi za risasi zilistaafu, lakini ujuzi wa kuupanga ukurasa haukustaafu.

Ushahidi wa jambo hili uko hata ng'ambo. Mwingereza Matthew Carter alijifunza kuchonga herufi za chuma kwa mkono nchini Uholanzi katika miaka ya 1950. Fundi huyo huyo ndiye aliyesanifu herufi za Verdana, zilizotolewa mwaka 1996 mahsusi kwa kusomeka katika kioo cha kompyuta. Hakuutupa ufundi wake wa kwanza. Aliuchukua akaenda nao.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba safari hiyo haina gharama. Kazi ya karatasi ina mwisho: ikishatoka mtamboni, fundi hulipwa akaenda zake. Huduma ya simu haina mwisho wa namna hiyo. Msanifu wake hana budi kujua mtu atabonyeza nini kwanza, atakosea wapi, na akikosea atarudije. Hana budi kuketi na watumiaji, kuwatazama wakihangaika, kisha kurekebisha. Hilo ndilo somo jipya analopaswa kujifunza fundi wa chapa.

Kwa upande mwingine, lipo somo ambalo yeye anaweza kuwafundisha wataalamu wa mitambo. Wananchi wengi wenye simu ndogo hutumia huduma zinazofunguliwa kwa kubonyeza nyota na namba, kama tulivyozoea tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Ujumbe mmoja wa huduma hizo hauzidi herufi 182, na mtu akichelewa kujibu, mlango hufungwa naye huanza upya. Nani anayejua kueleza jambo zito kwa maneno machache yasiyopotosha kuliko yule aliyezoea kubana tangazo zima katika kipande cha karatasi?

Sasa tumfikirie mvuvi wa Jibondo au Chole anayetaka kulipia leseni yake. Akipata maelezo yaliyo wazi, atamaliza shughuli yake akiwa nyumbani. Akikutana na maneno ya kigeni, au na kosa lisilosema limetokea wapi, itambidi avuke hadi Kilindoni. Likishindikana huko, atapanda chombo hadi Nyamisati, kisha ashike njia ya Kibaha yaliko makao makuu ya mkoa. Kwa mtu wa Kibaha fomu mbovu ni usumbufu wa nusu saa. Kwa mtu wa kisiwani ni nauli, siku za kazi zilizopotea, na pengine bahari iliyochafuka.

Wapo maofisa watakaosema kwamba mifumo hutengenezwa Dodoma na kwamba halmashauri haina sauti. Ni kweli kwamba Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka utaratibu wa taifa zima, na ni vyema iwe hivyo. Lakini halmashauri ndiyo inayoandika matangazo na maelekezo, na ndiyo inayosikia malalamiko. Hakuna sheria inayoizuia kuyakusanya malalamiko hayo na kuyafikisha panapohusika.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, huduma yoyote mpya ijaribiwe na wananchi wa Mafia kabla ya kutangazwa, si baada ya kushindwa. Pili, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha na vyuo vya ufundi vya VETA vifikirie kozi fupi ya usanifu wa huduma za simu kwa vijana waliokwisha kuwa mafundi wa chapa. Tatu, halmashauri ziwape vijana hao kazi ndogo ndogo za kupanga maelekezo hayo kwa Kiswahili fasaha.

Shirika la Elimu Kibaha lilizaliwa na mradi ulioanza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, ukakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Shabaha yake ilikuwa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Mwananchi anayeshindwa kupata haki yake kwa sababu maelezo hayaeleweki bado anasumbuliwa na adui yule yule. Mafundi wa kumsaidia tunao, wameketi vibandani wakisubiri kazi. Kilichobaki ni kuwaita.